Mausi ya vitufe 12 inaniandikia namba kwenye hesabu baada ya kuhamia Linux Mint

KaraniMwaloni – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana nimeona anayeuliza kwa mstari mmoja huishia kuulizwa yeye maswali kumi.

Mimi ni karani pale Mwaloni, Kirumba. Nawawekea hesabu wafanyabiashara sita wa dagaa: magunia yaliyoshushwa kutoka visiwani, yaliyopakiwa kwenye fuso, nani kalipa, nani kachukua kwa mkopo. Mwaka 2019 niliangushwa na bodaboda pale Buzuruga. Mkono wa kushoto uliunga, lakini vidole vitatu havikunji mpaka leo, kwa hiyo kibodi naiendesha kwa mkono wa kulia peke yake. Sasa fikiria kazi ya karani: kunakili, kubandika, kurudisha ulichokosea, kuhifadhi. Zote zinataka ushike Ctrl na herufi kwa pamoja. Unaachia mausi, unatanua kiganja, unabonyeza, unarudi kwenye mausi. Ikifika saa kumi jioni kifundo kimevimba.

Kilichoniokoa ni mausi ya wacheza gemu. Mdogo wangu aliniletea Logitech G600 ya mtumba, ile yenye vitufe 12 ubavuni kwa ajili ya dole gumba. Sijawahi kucheza gemu hata moja. Lakini vile vitufe nilivipangia kazi kwenye Windows kwa programu ya Logitech wenyewe, na kwa miaka minne dole gumba langu la kulia ndilo limefanya kazi ya mkono wa kushoto.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yangu ni HP EliteBook 840 G1, prosesa yake i5 ya kizazi cha nne. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Yangu haimo. Fundi akanishauri Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Nikangoja mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa haitoki na kazi inapungua, nikampa kompyuta. Akanipigia Mint 22, na kwa kweli nimeipenda. Printa imekubali bila draiva, mafaili yangu ya Excel yamefunguka ndani ya LibreOffice, na mashine inawaka upesi kuliko zamani.

Shida ni mausi. Asubuhi nilifungua daftari la wiki. Kwenye seli ya magunia ya bwana mmoja wa Ukara palikuwa na 12. Nikaingia ndani ya seli, nikabonyeza kitufe changu cha kunakili kama ninavyofanya siku zote. Ikawa 124. Nikadhani nimegusa kibodi. Nikafuta ile 4, nikabonyeza cha kubandika. Ikawa 125. Nikakaa nikiangalia kioo. Nilipopitia mistari ya juu nikakuta mingine mitatu imeingiwa namba bila mimi kuona.

Ingekuwa mausi imekufa tu ningevumilia. Hii inaandika, na kwenye kazi yangu namba ni mali ya mtu.

Nimejaribu mipangilio ya mausi ya Mint: kuna kasi, kuna mkono wa kulia au wa kushoto, vitufe 12 havitajwi popote. Nimepakua programu ya Logitech, ni faili la .exe, la Windows, haifunguki. Fundi anasema ninunue mausi ya kawaida nizoee. Mausi ya kawaida hainisaidii kitu. Kuna njia ya kurudisha vitufe vyangu?

---

Nyakato_Dota – Jumatatu, saa 3:15 usiku

Pole sana dada, na pole kwa mkono. Mimi nacheza Dota 2 kwenye Mint, nami nilihangaika na vitufe vya pembeni mwezi mzima. Weka programu ya kubadilisha kazi za vitufe, kitu kinaitwa input-remapper. Kimo kwenye Software Manager, au fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install input-remapper

Ukikifungua unachagua mausi yako, unabonyeza kirekodi, unagusa kitufe cha mausi, halafu unaandika unachotaka kitoke. Kisha washa Autoload, la sivyo ukizima kompyuta inabidi uanze tena kuamuru. Inafanya kazi na mausi karibu zote, hata zile za bei rahisi zisizo na jina.

---

Mlandizi_sasa_Mwanza – Jumatatu, saa 3:50 usiku

Dada ungebaki tu Windows 10. Microsoft wametoa nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Mwambie fundi akurudishie, mausi itafanya kazi kama zamani.

---

FundiIgoma – Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, usinunue mausi nyingine na usirudi ulikotoka. Hiyo uliyonayo ni katika mausi zinazokubaliana na Linux vizuri sana. Ngoja nikueleze kilichotokea, ukikielewa hutahangaika tena hata ukibadilisha kompyuta mara tatu.

Kazi ya kitufe cha mausi inaweza kuandikwa sehemu tatu. Inaweza kuandikwa ndani ya mausi yenyewe, maana hizi za gemu zina kumbukumbu yao ndogo. Inaweza kuandikwa kwenye kompyuta, yaani programu inayokaa katikati, inayopokea alama kutoka kwenye mausi na kuigeuza. Au inaweza kuandikwa ndani ya gemu au programu unayoitumia, kwamba ukisikia kitufe hiki fanya hivi.

Programu ya zamani ya Logitech ya Windows ilikuwa na hali mbili: ya kutumia kumbukumbu ya mausi, na ya kujiendesha yenyewe ikiangalia umefungua programu gani. Naamini yako ilikuwa kwenye hii ya pili. Kila ulichopanga kilikaa kwenye diski ya Windows, na fundi alipopiga Mint kikafutika nayo. Mausi yenyewe haikubadilika. Imerudi kusema kile ilichotoka nacho kiwandani, nacho ni namba: kitufe cha kwanza 1, cha pili 2, na kuendelea. Imetengenezwa kwa ajili ya gemu zile za watu wengi mtandaoni ambapo mchezaji huita silaha au dawa kwa safu ya namba iliyo juu ya kibodi. Ndiyo maana cha nne kikakuandikia 4. Kompyuta inaona kibodi ndogo ndani ya mausi. Kama unataka kuhakikisha, andika terminalini:

ls /dev/input/by-id

Utaona G600 imetokea zaidi ya mara moja: mstari mmoja unaishia na event-mouse, mwingine event-kbd. Hiyo kbd ndiyo iliyoharibu magunia ya watu.

Kijana wa Nyakato kasema kweli, input-remapper itafanya kazi, na ina sifa moja kubwa: inashughulikia kila kifaa peke yake. Itageuza 4 ya mausi bila kugusa 4 ya kibodi. Wapo watakaokuambia utumie xmodmap au xbindkeys, programu nyingine za kubadilisha vitufe; kwa hali yako hapana, hizo hazijali namba imetoka kifaa gani, utapoteza namba za kibodi pia. Lakini input-remapper inakaa kwenye kompyuta moja. Ukichomeka mausi kwenye kompyuta ya tajiri wako, 124 inarudi.

Mimi nakushauri uandike ndani ya mausi. Kuna programu inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, inaitwa ratbagd, na dirisha lake linaitwa Piper:

sudo apt install piper

Kisha:

ratbagctl list

Ikitaja G600, umemaliza nusu ya kazi. Isipotaja, chomoa mausi, ichomeke tena, kisha:

sudo systemctl restart ratbagd

Fungua Piper. Itakuchorea picha ya mausi na mistari inayokwenda kwenye kila kitufe. Bonyeza alama iliyo mwisho wa mstari, chagua kutuma kitufe cha kibodi, rekodi, hifadhi. G600 kwa njia hii inapokea kitufe kimoja pamoja na wasaidizi wake, Ctrl, Shift au Alt. Usitegemee iandike sentensi nzima. Kwa kunakili na kubandika inatosha kabisa.

Jambo jingine, hili la mkono. Nenda System Settings, sehemu ya Accessibility, upande wa kibodi, washa Sticky Keys. Unabonyeza Ctrl, unaachia, unabonyeza C, kompyuta inahesabu kwamba umevishika pamoja. Sijui kwa nini mafundi hatuwaambii watu jambo hili siku ya kwanza. Nami najihesabu humo.

Na kabla ya yote: usiguse lile daftari kwa mausi hiyo mpaka umalize. Fanyia majaribio kwenye faili tupu.

---

MusomaMjini – Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Shikamoo mzee wa Igoma. Nadandia hapo hapo. Nina mausi nyingine ya Logitech, G502 Hero. Kile kitufe cha dole gumba cha mbele, cha kulengea shabaha, input-remapper haikioni kabisa. Nabonyeza, kirekodi kimetulia kama sijagusa. Kimekufa?

---

FundiIgoma – Jumanne, saa 6:30 mchana

Marahaba. Hakijafa. Kazi yake ya kiwandani ni kupunguza kasi ya mshale wakati umekishikilia, na hiyo kazi inafanyika ndani ya mausi. Hakuna kinachotumwa kwenye kompyuta, kwa hiyo input-remapper haina cha kusikia. Ingia Piper, kipe kitufe chochote cha kibodi ambacho hukitumii. Baada ya hapo kitasikika. G502 Hero ina profaili tano ndani yake, yaani seti tano za mipangilio ya vitufe, hakikisha unabadilisha ile unayoitumia.

---

KaraniMwaloni – Jumatano, saa 1:10 usiku

Shikamoo mzee wangu. Kaka wa Nyakato, asante. Kaka wa Mlandizi, nimekusoma, lakini sitaki kuhama sasa halafu nihame tena mwakani. Kuhama kwenyewe kumenigharimu wiki.

Vitufe vyangu vimerudi. Naandika nilivyofanya kwa sababu najua atakuja mwingine.

Ile ls ilinionyesha sawasawa na mzee alivyosema, mistari miwili, ya mausi na ya kibodi. Nilisimama pale nikaona raha ya ajabu, kwamba kumbe nilikuwa namwona adui kwa jina. Piper iliingia vizuri, ila mara ya kwanza ikasema haioni kifaa. Nikachomoa, nikachomeka, nikaandika ile amri ya restart, picha ya mausi ikatokea na mistari yake yote.

Nilipokwama ni kwenye kurekodi. Piper inataka ubonyeze Ctrl na C pamoja ili ijue unataka nini. Yaani kitu ninachokitafuta kwa sababu siwezi kukifanya, kinaanza kwa kunitaka nikifanye. Nilijaribu na Ctrl ya upande wa kulia, kiganja hakifiki C. Nikamwita binti wa mama anayeuza chai mbele ya ofisi, yuko darasa la sita. Nikamwambia nikisema sasa, shika hapa na hapa. Tulikaa naye kama nusu saa, mimi nikichagua kitufe kwa mausi, yeye akibonyeza. Alikuwa makini kuliko watu wazima wengi ninaofanya nao kazi. Kila kilipokubali alikuwa ananiuliza kazi yake nini, nikawa namwonyesha kwenye faili tupu. Naomba waandishi wa Piper waweke namna ya kuchagua Ctrl kwa kubofya. Anayehitaji mausi ya vitufe vingi mara nyingi ni mtu mwenye mkono kama wangu.

Vitufe vyenyewe viko makundi mawili ya sita. Kundi la mbele nimeweka vya kila dakika: kunakili Ctrl+C, kubandika Ctrl+V, kurudisha Ctrl+Z, Tab, Enter, na F2 ya kuingia ndani ya seli. Kundi la nyuma, ambalo dole gumba linafika kwa kujikunja, nimeweka vya mara moja moja: kuhifadhi Ctrl+S, kujaza kwenda chini Ctrl+D, tarehe ya leo ambayo kwenye LibreOffice ni Ctrl na nukta mkato, Esc, na Ctrl+F ya kutafuta. Cha 12 nimekiacha bila kazi. Delete nimeikataa kwenye mausi. Kufuta nataka nifute kwa kukusudia, kwa kidole kwenye kibodi.

Halafu nikaipima. Nikaibeba mpaka kwenye kompyuta ya tajiri wangu mmoja, bado ana Windows, hana Piper wala programu ya Logitech. Nikachomeka, nikabonyeza cha kunakili, kikanakili. Miaka minne yote nilikuwa nafanya kazi kwenye kompyuta yangu peke yake nikidhani haiwezekani kwingine.

Sticky Keys nayo nimewasha. Kwa herufi kubwa inanisaidia sana kwenye majina ya watu.

---

Nyakato_Dota – Jumatano, saa 2:00 usiku

Hongera dada. Huyo mtoto mpe soda.

---

KaraniMwaloni – Ijumaa, saa 5:45 asubuhi

Mzee, namba zimerudi. Sijagusa Piper tangu Jumatano. Nilikuwa namalizia hesabu, nikabonyeza kubandika, ikatoka 5. Nimesimamisha kazi kabisa. Nimeona pia taa za mausi zimebadilika rangi, sijui kama inahusu.

---

FundiIgoma – Ijumaa, saa 6:10 mchana

Inahusu, na umenirahisishia kwa kuitaja. G600 ina profaili tatu, na kila moja ina rangi yake ya taa. Wewe umeandika kwenye moja tu. Nyuma ya gurudumu kuna vitufe viwili vidogo, kimojawapo kinabadilisha profaili. Kidole chako cha shahada kimekigusa, ukahamia profaili ambayo bado ina namba za kiwandani. Kibonyeze tena mpaka rangi yako irudi, vitufe vitakuwepo vyote.

Kisha ingia Piper ukiondolee kazi hicho kitufe, au kipe kazi nyingine isiyo na madhara. Nami ningezijaza profaili zote tatu vilevile ili hata ikihama usidhurike. Ni kosa langu, ningekuambia tangu Jumanne.

---

KaraniMwaloni – Ijumaa, saa 11:30 jioni

Ni hivyo hivyo. Ilikuwa imehamia profaili ya pili. Nimekiondolea kazi kitufe kile, na binti wa mama chai amerudi tukajaza profaili ya pili na ya tatu, safari hii dakika kumi na tano tu kwa sababu anajua utaratibu. Ya kwanza nimeiwekea taa ya kijani, mbili nyingine nyekundu. Nikiona nyekundu naacha mausi kabla sijagusa chochote.

Ile mistari minne ya Jumatatu nimeisahihisha kwa kuilinganisha na karatasi za mzani, mmoja mmoja. Ya bwana wa Ukara imerudi 12, nimempigia simu nikamsomea, akakubali.

Giza linaanza Jumapili, mitumbwi inatoka. Kuanzia Jumanne magunia yatakuwa mlangoni. Mzee wa Igoma, nikipita kwako nitakuletea dagaa wa Ukara, wale waliokaushwa kwenye chanja, hawana mchanga.